Ukiona vyaelea vimeundwa: GBS, CSR au kanuni za klasi, meli kubwa ya mizigo iundwe kwa ipi?

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, ila hawakutuambia vimeundwa kwa kanuni zipi, na hilo ndo swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaoingia kwenye mambo ya meli kubwa, awe anataka kuagiza mpya kutoka yadi, awe anaangalia meli ya mkononi, au ni kijana anasoma usanifu wa meli na hajui aanze kusoma kitabu kipi. Wanasikia GBS (viwango vya malengo vya shirika la bahari la Umoja wa Mataifa), wanasikia CSR (kanuni za pamoja za muundo wa meli za mashirika ya klasi), wanasikia kanuni za klasi (mashirika yanayopitia michoro na kukagua meli), wanasikia S11A (sharti la nguvu za meli za makontena), afu kila mtu anasema ya kwake ndo salama. Nimeona bora nizilinganishe hapa moja moja, nguvu yake na udhaifu wake, ili anayetakiwa kuchagua achague akijua.

Nianze na jibu kabisa. Kanuni ya msingi huichagui wewe, inachaguliwa na aina ya meli pamoja na tarehe ya mkataba wa ujenzi. Kilichobaki mikononi mwako ni kile unachoongeza juu yake: aina ya chuma, miaka ya uchovu (chuma kupata nyufa taratibu kwa mikazo inayojirudia), milimita za kutu, namna ya kupakia. Hapo ndo meli mbili zenye cheti kinachofanana zinakuja kuachana kabisa baada ya miaka kumi na tano baharini, moja bado nzima na nyingine kila ikiingia chelezoni ni nyufa na viraka.

Meli ni boriti

Bila kuelewa hiki yote yanayofuata hayatakuwa na maana. Meli ya mita 300 ni boriti, boriti ndefu yenye uwazi ndani, inayobebwa na maji yasiyotulia. Kilele cha wimbi kikifika katikati ya meli, omo na tezi zinabaki kama zinaning'inia, meli inabinuka mgongo juu, sitaha inavutwa na bati za chini zinabanwa. Wimbi likisogea, vilele viwili vikakaa omo na tezi, katikati panabonyea, sasa sitaha ndo inabanwa na chini ndo panavutwa. Inajirudia kila sekunde chache usiku na mchana, kwa umri mzima wa meli wasanifu huhesabu mizunguko kama milioni 100 hivi. Na hapo bado hujaweka mzigo, ambao ukipangwa vibaya unaweza kuibinua meli hata ikiwa imefungwa gatini maji yakiwa shwari kabisa.

Bati likivutwa kupita kiasi linapasuka, likibanwa kupita kiasi linakunjamana kama kopo tupu ulilolikanyaga, na kwenye meli kubwa kukunjamana ndo adui anayekuja kimya kimya maana bati ni pana na jembamba ukilinganisha na upana wake. Kwa hiyo kanuni yoyote nzuri ina maswali manne ya kujibu: chuma kitahimili mvuto wa wimbi baya kuliko yote litakaloikuta meli? bati halitakunjamana? viungo vilivyochomelewa havitachoka kabla ya muda wake? na kutu ikishakula sehemu yake, kilichobaki kinatosha? Kila ninapolinganisha hapa chini nakuwa nauliza hayo manne.

GBS na CSR, wengi wanadhani zinashindana

Hazishindani, ziko ngazi tofauti. GBS imetoka IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, ilipitishwa Mei 2010 ikaingizwa kwenye SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya II-1, kanuni ya 3-10. Inazibana tanka za mafuta na meli za shehena ya kichele (yaani nafaka, makaa ya mawe, madini ghafi, vitu vinavyomwagwa ndani bila kufungwa) zenye urefu wa mita 150 na kuendelea, ambazo mkataba wake wa ujenzi ni wa kuanzia 1 Julai 2016.

Ukiifungua GBS utafute unene wa bati la sitaha hutaukuta. Yenyewe inasema lengo: meli isanifiwe iishi miaka 25 isiyopungua, kwenye hali ya bahari ya Atlantiki Kaskazini, na ibaki salama hata ikipata dhoruba ya kutarajiwa au ikitobolewa kiasi, ilimradi inatunzwa na kuendeshwa inavyotakiwa. Ina ngazi tano. Ya kwanza ni malengo, ya pili ni mahitaji 15 (nguvu, uchovu, kutu, nguvu inayobaki baada ya ajali, njia za mkaguzi kufika kila kona, uwazi wa usanifu, mpaka namna meli itakavyobomolewa mwisho wa maisha yake), ya tatu ni IMO kuhakiki kama kanuni za klasi zinafikia hayo, ya nne ndo kanuni zenyewe za klasi, na ya tano ni desturi za yadi na viwanda. Mei 2016 IMO ilithibitisha kwamba kanuni za mashirika 12 ya klasi, wanachama wote wa wakati huo wa IACS, muungano wao, zinafikia viwango.

CSR sasa ndo inayokupa namba. IACS ni muungano wa mashirika ya klasi ulioanzishwa 1968, humo ndani wako Lloyd's Register, Bureau Veritas, ABS, DNV, ClassNK, RINA na wengine, na kazi ya klasi ni kupitia michoro, kusimamia ujenzi na kukagua meli maisha yake yote. Kabla ya CSR kila klasi ilikuwa na kitabu chake, na mlango ulikuwa wazi kabisa kwa yadi kuupeleka mchoro uleule klasi tatu na kuchagua ile itakayokubali chuma chembamba zaidi. Fikiria hilo kidogo, yaani mashirika yanayotakiwa kulinda usalama yanajikuta yanashindania wateja kwa kupunguza milimita. Mimi naamini faida kubwa kuliko zote za CSR ni kuufunga mlango huo, hata zaidi ya hesabu zake nzuri. Ukiagiza tanka kubwa leo, bati linatoka kwenye fomula ileile klasi yoyote ya IACS utakayoenda.

Kwa hiyo mtu akikuuliza GBS au CSR, mwambie GBS ndo inauliza, CSR ndo inajibu. Ila GBS inakuletea kitu kimoja ambacho namba za CSR pekee hazikupi, nacho ni faili la ujenzi wa meli, linalobeba michoro, mipaka ya uendeshaji, sehemu zenye hatari ya uchovu na mambo mengine, na linatakiwa litunzwe na kuendelezwa maisha yote ya meli. Wanaonunua meli mkononi wengi hawaliulizi, na ndo karatasi yenye thamani kuliko brosha yoyote ya dalali.

CSR ya 2006 na CSR ya 2015

Hapa watu wanachanganya sana. CSR zilianza 1 Aprili 2006 zikiwa vitabu viwili tofauti, kimoja cha tanka za mita 150 na zaidi, kingine cha meli za kichele za mita 90 na zaidi, na viliandikwa na makundi mawili tofauti ya klasi, kwa hiyo jina lilikuwa moja lakini namna ya kukokotoa mawimbi, uchovu na kukunjamana haikufanana. Kuanzia 1 Julai 2015 vikaunganishwa kikawa kitabu kimoja.

Tofauti kubwa ukiziweka pamoja ni hii. Ya 2006 ilikazania katikati ya meli, uchambuzi wa kompyuta ule wa kuikata meli vipande vidogo vidogo na kupima mkazo wa kila kipande ulilazimishwa kwa ngama (vyumba vya shehena) za katikati. Ya 2015 inaudai kwa ngama zote za shehena kutoka ya mbele kabisa mpaka ya nyuma, na hili sio jambo dogo kwa sababu ngama ya kwanza kule omo ina umbo linalobana na inapigwa na bahari kuliko zote. Pia iliongeza hesabu ya nguvu inayobaki meli ikishagongwa au kupanda mwamba, na ikaboresha hesabu za uchovu kwenye viungo vingi zaidi.

Zote mbili zina ule utaratibu wa unene halisi ambao binafsi naupenda sana. Zamani ulikuwa unapewa unene wa bati, kutu ikila unaruhusiwa kupoteza asilimia fulani ya unene wa mwanzo, na hamna mtu alikuwa anakuonyesha wazi kipi ni cha nguvu na kipi ni cha kutu. CSR inakokotoa nguvu kwa chuma kilichoshatolewa kutu, halafu inaongeza milimita za kutu juu yake kulingana na mahali: bati la juu kwenye tangi la balasti (maji ya kuipa meli uzito na kuisawazisha, farumi kwa lugha ya mabaharia wa majahazi) linapewa nyingi, mahali pakavu panapewa kidogo, kila upande wa bati unahesabiwa peke yake, jumla inasogezwa juu kwenye nusu milimita, na bado inaongezwa nusu milimita ya akiba. Mpimaji akija na kifaa chake miaka 15 baadaye anajua bati hili likifika milimita hizi linakatwa, hakuna mjadala.

Udhaifu wa CSR zote upo. Moja, zinagusa aina mbili tu za meli. Mbili, ndani ya hizo hizo meli za kichele, zile zilizoundwa maalum kwa madini ghafi ya chuma zimeachwa nje, na zile zinazobeba madini na mafuta kwa zamu nazo nje. Mtu anaona meli ya tani 400,000 imebeba madini anadhani lazima ni CSR, kumbe ni kanuni za klasi husika. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya Stellar Daisy: ilijengwa 1993 kama tanka kubwa la mafuta, baadaye ikageuzwa kuwa meli ya madini, na tarehe 31 Machi 2017 ikazama Atlantiki Kusini na takriban tani 260,000 za madini ya chuma kutoka Brazil, watu 24 ndani, wakapona wawili tu. Uchunguzi wa bendera yake, Visiwa vya Marshall, ulitaja uchovu wa chuma, kutu na kasoro zisizoonekana kati ya mambo yaliyochangia. Mafuta yanajaza tangi yakisukuma kila upande, madini ya chuma ni mazito yanakaa chini kama donge huku tangi za pembeni zikiwa tupu, yaani boriti ileile inapewa kazi tofauti kabisa na ile iliyozaliwa nayo.

Makontena: huku hamna CSR

Meli za makontena ziko chini ya kanuni za kila klasi, zikiwa zimefungwa na mahitaji ya pamoja ya IACS, na kubwa kati ya hayo kwa nguvu ya boriti ni S11A. Historia yake ni ya meli mbili.

Ya kwanza MSC Napoli, iliyojengwa 1991. Januari 2007 ilikuwa Mlango wa Uingereza kwenye dhoruba, mwili wake ukashindwa maeneo ya chumba cha injini, mabaharia 26 wakaokolewa wote na meli ikapandishwa ufukweni Devon isije kuzama kwenye kina. Kilichouma ni kwamba wakati inasanifiwa hesabu za kukunjamana zilitakiwa kwa sehemu ya katikati tu ya meli, kama asilimia 40 ya urefu, na chumba cha injini kilikuwa nje ya hapo, tena mataruma yake (mbavu za chuma zinazoimarisha bati) yalilala kwa upana badala ya urefu. Wakapima na makontena 660 ya sitahani yaliyobaki makavu, 137 kati yake yalipishana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Unaweza kusanifu boriti kwa uangalifu wote halafu mtu wa karatasi akadanganya kilo, ndo mana tangu 1 Julai 2016 SOLAS inadai kila kontena lithibitishwe uzito kabla halijapakiwa.

Ya pili MOL Comfort, ya makontena 8,110 ya futi ishirini, mita 316, ilikuwa na miaka mitano tu. Tarehe 17 Juni 2013 ikavunjika vipande viwili Bahari ya Hindi ikielekea Jeddah kutoka Singapore. Wote 26 wakaokolewa, ila vipande vyote viwili vikazama baadaye. Bati za chini ndo zilianza kukunjamana, na meli dada zilipokaguliwa zikakutwa na bati za chini zilizovimba. Rudi kwenye boriti yetu: meli ya makontena ni nyembamba omo na tezi na imenona katikati, kwa hiyo maji yanaisukuma juu katikati muda wote, imebinuka hata bila wimbi, chini kunabanwa siku zote. Wimbi likiongeza kidogo, na ile mitetemo ya omo kupigwa na bahari mpaka mwili mzima ukatikisika ikaongeza tena, akiba inaisha.

S11A ikatoka 2015 na inabana mikataba ya kuanzia 1 Julai 2016, meli za makontena za mita 90 na zaidi. Kulinganisha na kanuni ya zamani, imebadilisha hesabu ya mawimbi, inadai ukaguzi wa mkazo na kukunjamana usiishie katikati ya meli, inadai nguvu ya mwisho ya boriti nzima ikokotolewe, na kwa meli pana kuliko mita 32.26 (karibu na kikomo cha upana wa meli kwenye malango ya zamani ya mfereji wa Panama) mitetemo ile ya kupigwa lazima izingatiwe. Ukiniuliza mimi, kwa nguvu ya boriti, meli ya makontena ya S11A sasa inasimama vizuri mbele ya CSR. Inakopungukiwa ni kwenye uchovu na kutu, maana hapo kila klasi ina utaratibu wake, kuna zinazoruhusu uchovu ukokotolewe kwa mawimbi ya dunia nzima ambayo ni mapole kuliko ya Atlantiki Kaskazini, na usipouliza hutaambiwa.

Na makontena yana tatizo lao la peke yao, sitaha iko wazi. Mashimo ya kushushia makontena yamekula karibu upana wote, kwa hiyo meli inajisokota kama sanduku lisilo na kifuniko, na chuma cha juu kinachobaki pembeni inabidi kiwe kinene sana. Bati za zaidi ya milimita 50 mpaka 100, chuma cha megapaskali 460 (kipimo cha mkazo ambao chuma kinavumilia) kwenye meli kubwa. Bati nene hivyo likipata ufa kwenye baridi ufa unaweza kukimbia ghafla bila onyo, ndo mana IACS ina mahitaji ya kutumia chuma chenye uwezo wa kuusimamisha ufa, pamoja na mpangilio wa viungo usioupa ufa njia moja iliyonyooka.

Chuma chenye nguvu au chuma kingi?

Hili nalikalia kidogo kwa sababu ndo chaguo lenye pesa na ndo linalofichwa. Chuma cha kawaida cha meli kinaanza kusalimu amri kwenye megapaskali 235. Cha nguvu kipo cha 315, 355, 390. Kanuni zinakupa kipunguzo, cha 315 ni 0.78, cha 355 ni 0.72, maana yake ukitumia cha 355 boriti yako inaruhusiwa kuwa asilimia 72 ya ile ya chuma cha kawaida. Uzito unashuka, bei inashuka, tani za kubeba zinapanda, kila mtu anafurahi.

Sasa piga hesabu ya uchovu. Boriti ikiwa 0.72, mkazo unapanda mara 1.39. Kiungo cha kuchomelea hakijali bati lake ni la 235 au 355, kinachoka kwa mkazo kinaoupata, na umri wake unapungua kwa kipeo cha tatu cha mkazo, 1.39 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu inakuja karibu 2.7. Kiungo kilichokuwa kiishi miaka 25 kinaishi miaka 9 na kidogo, kama umbo lake halikuboreshwa. Haya sio mambo ya darasani tu, tanka kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilizojaa chuma cha nguvu zilianza kupata nyufa kwenye viungo vya mataruma ya ubavuni zikiwa changa kabisa. Pia bati jembamba linakunjamana mapema, na milimita mbili za kutu kwenye bati la 20 sio sawa na milimita mbili kwenye bati la 14.

Chuma cha nguvu sio kibaya, bila hicho meli kubwa za leo zisingejengeka. Ila yadi ikikuambia mchoro wake ni mwepesi kuliko wa jirani kwa tani elfu kadhaa, uliza kwanza asilimia ya chuma cha nguvu na uchovu umekokotolewa kwa miaka mingapi na kwa bahari ipi, ndo uongee bei.

Ukiagiza mpya

Kwa meli ya kichele, CSR ndo hiyo hiyo, chaguo lako ni namna ya kupakia. Inaandikwa kwa alama: BC-C ni ya shehena nyepesi chini ya tani moja kwa mita ya ujazo, BC-B inabeba nzito ngama zote zikiwa zimepakiwa, BC-A inaruhusiwa kubeba nzito huku ngama zilizotajwa zikiachwa tupu. Kama kuna uwezekano wowote wa kubeba madini chukua BC-A, sakafu na kuta zake zimekokotolewa kwa kazi hiyo, kuja kubadilisha baadaye ni kama kujenga upya. Angalia na alama ya grabu (kijiko kikubwa cha kupakulia shehena), ile namba inayokuambia grabu tupu ya tani ngapi sakafu imeandaliwa kuipokea, maana bandarini hakuna anayeishusha taratibu. Ubavu mmoja au ubavu pacha, yaani ngozi moja ya bati au mbili? IMO ililijadili na 2004 ikaamua isiwe lazima ubavu pacha. Ubavu mmoja unakupa nafasi zaidi, lakini mataruma yanabaki wazi ndani ya ngama yakigongwa na grabu na kuliwa na unyevu wa makaa, na miaka ya 1990 meli nyingi za namna hiyo zilipotea ubavu ukifunguka, ndo SOLAS ikaletewa sura ya XII iliyoanza kazi 1 Julai 1999, ikidai meli mpya za ubavu mmoja za mita 150 na zaidi zinazobeba shehena nzito zivumilie ngama yoyote moja kujaa maji. Mimi kwa safari ndefu za madini na makaa ningelipa ubavu pacha.

Na vifuniko vya ngama usivione kama vifuniko tu. Derbyshire ya Uingereza ilipotea Septemba 1980 kwenye kimbunga Orchid kusini mwa Japani na watu 44, uchunguzi ukaja kuonyesha maji yaliingia sehemu za mbele kidogo kidogo, omo ikazama chini zaidi, mpaka vifuniko vya mbele vikashindwa uzito wa bahari. Kanuni za leo za vifuniko na vifaa vya sitaha ya mbele zimetokana na uchunguzi huo.

Kwa tanka, mwili pacha hauna mjadala, kwa tanka kubwa ni mita 2 kati ya ngozi ya nje na ya ndani. Chaguo lipo kwenye rangi na kutu. Mwili pacha umeongeza maeneo ya balasti kupita kiasi, na mafuta yenye joto upande mmoja, maji ya chumvi upande wa pili, kutu inafurahia. Kiwango cha IMO cha rangi za tangi za balasti kinalenga miaka 15, epoksi ya maikroni 320. Meli inalengwa miaka 25, rangi 15, hiyo miaka kumi ya katikati nani anailipia? Ni wewe. Kwa hiyo msimamizi wako awepo yadi wakati wa kusafisha chuma na kupaka, sio wakati wa picha za kuzindua.

Kwa makontena dai uchovu wa Atlantiki Kaskazini hata kama njia yako ni ya bahari tulivu, meli zinauzwa na njia zinabadilika. Dai pia hesabu ya mitetemo uionyeshwe, sio uambiwe imezingatiwa. Na kwa aina zote, klasi nyingi zina alama ya nyongeza ya uchovu wa miaka 30 au 40. Ukiilipia mwanzoni ni mabano makubwa kidogo na kona zilizolainishwa, ukija kuitafuta meli ikiwa na miaka 15 ni kukata na kuchomelea ndani ya tangi lenye giza.

Jambo dogo la kufuatilia: mwishoni mwa 2022 IACS ilitoa takwimu mpya za mawimbi ya Atlantiki Kaskazini, badala ya yale yaliyokadiriwa kwa macho na mabaharia zikatumika hesabu za kompyuta za hali ya bahari pamoja na kumbukumbu za njia meli zilizopita kweli. Kanuni zinazofuata zitajengwa juu ya hizo, kwa hiyo kijana anayesoma sasa azijue.

Ukinunua ya mkononi

Usiangalie mwaka wa kukabidhiwa, angalia tarehe ya mkataba. Tanka iliyotoka yadi 2008 inaweza kuwa ilisainiwa kabla ya 1 Aprili 2006, hiyo sio CSR kabisa. Iliyotoka 2017 inaweza kuwa ya kitabu cha 2006 kama mkataba ulikuwa kabla ya 1 Julai 2015, na bila GBS. Kwenye cheti cha klasi tafuta herufi CSR, na usikubali kuambiwa kwa mdomo. Kati ya mbili za bei moja na hali moja mi nachukua ya 2015 kwenda mbele, ila ya kabla ya 2006 iliyotunzwa vizuri na yenye chuma kingi cha kawaida siidharau hata kidogo, zipo nyingi zenye bati nene kuliko za baadaye.

Ripoti ya kupima unene omba ya ukaguzi wa miaka mitano uliopita pamoja na uliotangulia, uziweke mbili mezani. Ripoti moja inakuonyesha imebaki milimita ngapi, mbili zinakuonyesha kutu inakula kwa kasi gani, na kama tangi fulani bati zake zimenenepa kati ya ripoti ya kwanza na ya pili, bila rekodi ya bati kubadilishwa, basi mmoja kati ya wapimaji hao hakuingia ndani ya tangi, na hapo ingia mwenyewe na tochi uanzie juu, chini kidogo ya sitaha, kwenye viungo vya mataruma na kuta.